Pengo Jikoni kwa Dada

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo mchana na mimi nimeanza daftari hili. Huu ni ukurasa wa nne. Tatu za mwanzo nimezichana: wa kwanza mwandiko ulilala upande, wa pili sentensi haikunipendeza, wa tatu hata sikumbuki ulikuwa na kosa gani, mkono ulishazoea kuchana. Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akaniangalia, akasema nikiendelea hivi litabaki jalada.

Yeye ndiye aliyenipa daftari. Lilikuja bure na saruji kutoka duka la vifaa, lina picha ya mwiko juu. Kasema niandike kila siku kile ninachokiahirisha, labda macho yangu yakikisoma yataona haya. Basi nimeapa. Sichani tena. Nikikosea, kosa libaki hapo hapo.

Sasa niungame. Mimi ni fundi wa vigae, miaka hamsini na mmoja, shule niliishia kidato cha pili. Kazini wananiita Pimamaji, kwa sababu siondoki ukutani mpaka kile kitone cha hewa kikae katikati kabisa. Kazi za watu namaliza, tena kwa siku waliyoitaka. Kazi moja tu sijamaliza, na ni ya dada yangu.

Dada huyu ndiye aliyenilea. Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita, yeye kumi na saba. Akajifunza cherehani, akashona, nikasoma, nikala. Miaka saba iliyopita nikasema na mimi nimfanyie kitu. Nikamwekea vigae vyeupe jikoni, siku mbili, safi. Ila katikati ya ukuta, juu ya sinki, niliacha pengo la mraba, saruji tupu, linatosha mtu kulikumbatia. Nikamwambia hapo nitakuwekea picha ya vipande vya vigae ambayo hakuna mtu mtaani anayo. Nikamuuliza anataka picha ya nini. Akasema, "Jogoo." Yule wa jirani yetu zamani, aliyekuwa akimwamsha ili anichemshie maji niende shule. Nikamwambia nipe wiki mbili.

Dada akatundika kalenda juu ya pengo. Mwaka ukaisha, akatundika nyingine. Sasa iko ya saba, au ya nane, sijui, maana sijakanyaga kwake mwaka na miezi miwili. Ni dakika kumi na tano kwa miguu. Nikienda sokoni nazunguka kwa nyuma ya shule ili nisipite dirishani kwake.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Sijagusa kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nilikuwa na siku nzima ya kwangu. Nikaingia kile chumba cha nyuma, ambacho kilipaswa kuwa cha wageni. Humo mna ndoo kumi na tisa za rangi zilizokwisha, zimejaa vipande vya vigae. Kila ndoo na rangi yake. Kahawia ya mbawa ndoo nne, kijani cha mkia ndoo tatu, njano ya miguu, nyeusi. Ukutani nimebandika michoro ya jogoo kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Nimeihesabu: thelathini na mmoja. Wote wazuri. Kila mmoja ana kitu kidogo kinachonikera, huyu shingo, yule kucha.

Nikasema leo naanza. Nikakaa. Nikaona ndoo ya nyeupe imechanganyika, nyeupe ya maziwa na nyeupe ya karatasi. Nikaanza kuzitenga. Mke wangu aliponiita kula nilikuwa bado nazitenga. Akasimama mlangoni akauliza kwani jogoo huyo ana nyeupe wapi. Nikamwambia ncha ya mkia tu, kidogo. Akaondoka bila kusema neno, na huo ulikuwa uungwana wake.

Ijumaa, 14 Machi

Tupo kwenye jengo la ghorofa mbili, mimi vyoo, mwenzangu Haraka anapiga lipu. Haraka nafanya naye kazi miaka kumi na miwili na kusema kweli nimekuwa nikimdharau. Hana subira. Nyumba yake amejenga mwenyewe, ngazi za mbele kila moja na urefu wake, ukipanda unajikwaa ya tatu. Nimeshamcheka kuhusu ngazi zile mbele za watu.

Leo wakati wa chakula aliniuliza jogoo amefikia wapi. Wote wanajua habari ya jogoo. Nikasema bado nyekundu. Kile kilemba cha jogoo, ile nyama ya kichwani, kina wekundu wake, si wa tofali, si wa nyanya, na kigae cha wekundu ule hawatengenezi. Haraka akatafuna, akameza, akasema jogoo wangu angekuwa wa kweli angeshakuwa na wajukuu. Wakacheka wote mpaka mwenye jengo.

Nilicheka na mimi. Lakini jioni nilipofika nyumbani nilikuwa na hasira, na nilimkumbuka Haraka jioni amekaa kwenye ngazi yake ya tatu, ile mbaya, na watoto wake wote wamekaa pale pale naye.

Jumamosi, 15 Machi

Nimejaribu. Naandika kwa ukweli wote. Nilitandika ubao kitandani kwenye chumba kile cha wageni, nikaanza kupanga vipande bila gundi, kavu, ili niweze kuvihamisha. Nikaweka katikati yao vile visalaba vya plastiki tunavyotenganishia vigae, ili nafasi zilingane. Sijui kufanya vingine, mikono imeshakuwa hivyo. Nikapima na pimamaji. Baada ya saa tano za kazi, shingo na kifua vikaonekana.

Nikamwita mke wangu aone. Aliinamisha kichwa huku, akainamisha kule.

"Baba watoto," akasema, "usinikasirikie. Naona choo chenye mdomo."

Nikatazama upya. Mistari yote imenyooka, kila nafasi sawa na nyingine, na ndani yake hakuna jogoo hata kidogo. Kuna ukuta wa bafu uliotoa mdomo. Nikainua ubao upande mmoja, vyote vikamwagika kwenye ndoo. Nimerudi sifuri, na kidole nimejikata.

Jumanne, 18 Machi

Mvua.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Nimetenga kahawia.

Jumanne, 25 Machi

Dada amepiga simu. Jina lake lilipotokea nilitaka kuiacha ilie, mke wangu akaniwekea sikioni.

Hakuuliza habari ya jogoo. Alisema ukuta wa jikoni unalowa. Mvua ya mwaka huu inapigia upande ule, na pale penye pengo saruji imekuwa nyeusi kwa unyevu, kalenda imeota ukungu mpaka mwezi wa nane. Na vigae viwili vya pembeni akivigonga vinalia kama debe.

Mimi ndiye fundi. Nilijua papo hapo maana yake. Kingo za pengo sikuziziba, nilisema nitaziziba picha ikikaa. Maji yanapita kwenye saruji tupu, yanaingia nyuma ya vigae, yanakula gundi. Nilipaswa kusema, dada nakuja sasa hivi. Badala yake mdomo wangu ukasema jogoo yuko tayari. Ndiyo, nilisema hivyo. Nikasema amekamilika, yuko kwenye ubao, ila siwezi kumbandika kwenye ukuta mbichi, tusubiri mvua ikate. Uongo wote huo niliupachika kitaalamu, na sehemu ya ukuta mbichi ni kweli kabisa, ndiyo maana uliteleza vizuri.

Dada akasema, "Sawa, mdogo wangu. Mimi nilidhani kuna kitu nimekukosea."

Akakata. Nimekaa na simu mkononi mpaka skrini ikazimika.

Jumatano, 26 Machi

Sikwenda.

Ijumaa, 28 Machi

Sikwenda. Sasa siwezi kwenda bila jogoo, maana nimeshasema yupo.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeacha kazi ya mtu leo, jambo ambalo sijawahi, nikaenda kule wanakobomoa hospitali ya zamani. Nilisikia kuna vigae vyekundu korido. Nilichimba kwenye matope tangu asubuhi, buti zimejaa maji. Nikapata. Nikakiosha kwenye dimbwi, nikakiinua juu kwenye mwanga. Chungwa. Kina uchungwa ndani yake. Nimekirusha mbali, halafu nikaenda kukiokota, halafu nikakirusha tena.

Jumapili, 6 Aprili

Mke wangu alikwenda kumwona dada. Huwa anakwenda, hata mimi nisipokwenda, wao ni wifi na wanapendana. Aliporudi alivua viatu akaviweka kwa kishindo. Nikauliza vipi. Akasema dada alimuuliza jogoo ana rangi gani.

"Ukasemaje?"

"Nimesema ana rangi nzuri. Ningesema nini? Umenifanya mwongo na mimi, kwenye nyumba ya watu, nikinywa chai yao."

Vigae sasa vinavyolia ni saba, kasema. Nikamwambia Jumamosi nitakwenda kuvitoa vile vilivyolegea, kwa usalama tu. Akasema leo ni Jumapili. Nikasema najua. Akasema hapana, hujui.

Jumatano, 9 Aprili

Leo mwandiko utakuwa mbaya, na ubaki hivyo.

Saa nne asubuhi nilikuwa juu ya stuli napachika kigae cha mwisho kwenye choo cha ghorofa ya pili, mke wangu akapiga. Jirani wa dada alikuwa amempigia yeye. Kigae kimeanguka usiku au alfajiri, hawajui, kimevunjika kwenye sinki na sakafuni. Dada alipoamka akaenda kuweka maji motoni. Sakafu imelowa, maji ya mvua yamechuruzika ukutani mpaka chini. Akakanyaga kipande. Kigae kikilala kifudifudi juu ya maji kinateleza kama sabuni, mimi mwenyewe huwa nawaonya watu kwenye majengo. Akaanguka akajikinga na mkono wa kulia. Umevunjika chini kidogo ya kiwiko, mfupa mmoja, na kifundo cha mkono kimeteguka.

Mkono wa kulia. Wa mkasi. Wa kugeuza gurudumu la cherehani.

Nilifika hospitali na gundi bado kwenye nyusi. Alikuwa amekaa kwenye benchi la korido na jirani, mkono umefungwa na kanga ya jirani shingoni. Alikuwa amezeeka. Hilo ndilo nililoliona kwanza. Mwaka na miezi miwili na hakuna aliyeniambia, na nani angeniambia. Aliponiona hakulia wala hakunisema. Aliniuliza kama nimekula.

Walimfunga plasta ngumu toka vidoleni mpaka juu. Daktari kasema wiki sita. Dada akamuuliza kama ndani ya wiki sita anaweza kushona na mkono wa kushoto. Daktari akadhani ni mzaha, akacheka.

Akanituma nyumbani kwake nimletee shuka na ndala. Nikaingia jikoni. Sikutaka, lakini ndiko mlango ulipo.

Nieleze nilichokiona. Vipande vilikuwa bado sakafuni, jirani alivisogeza kwa mguu tu. Ukutani, upande wa kushoto wa pengo, palikuwa na shimo jingine sasa, na pengo langu lilikuwa limekua. Vigae vya pembeni vimetoka mbele, unaweza kuingiza kucha. Nilikagua mistari, hata pale, hata leo, jicho langu lilikimbilia mistari. Imenyooka. Kazi iliyonyooka vizuri kabisa, inaanguka.

Kalenda ilikuwa imelowa imejikunja. Nikaishika kuitoa kwenye msumari, ikabaki mkononi kama mkate ulioloweshwa. Na nyuma yake, kwenye saruji, kulikuwa na jogoo.

Amechorwa na chaki. Ile chaki ya bluu ya kuwekea alama kwenye kitambaa. Kichwa kikubwa mno, jicho moja la mviringo kama kifungo, mwili kama chungu. Mguu mmoja una vidole vitatu, mwingine vinne. Anatazama nyuma, kama mtu aliyeitwa. Mkia umeliwa na maji, chaki imetiririka. Aliyemchora hajui kuchora hata kidogo.

Dada alichora hii. Sijui lini. Chini ya kalenda ipi. Kwangu ipo michoro thelathini na mmoja na hakuna hata mmoja uliowahi kufika ukutani, na huyu wa kwake alikuwa amekaa pale pale, amefunikwa, ananingoja na yeye.

Nilikaa sakafuni kwenye maji. Nikakusanya vile vipande vya kigae kilichoanguka, vyote, hata vidogo, nikavitia kwenye mfuko wa shuka.

Alhamisi, 10 Aprili

Dada yuko kwake. Nimeng'oa vigae vilivyolegea, kumi na kimoja. Nimefagia, nimeosha vyombo. Sikusema kitu. Yeye pia.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimesema.

Nilikuwa namenya viazi, yeye amekaa kwenye kiti karibu na cherehani iliyofunikwa, ananielekeza nimenye kwa wembamba. Nikaweka kisu chini.

"Hakuna jogoo, dada. Hajawahi kuwepo. Kuna ndoo na karatasi."

"Najua," akasema. "Wifi yangu hajui kudanganya. Nilimuuliza rangi gani, akasema rangi nzuri."

Nikaanza kueleza. Nikasema nilitaka kiwe kitu kinachomfaa, kisiwe cha ovyo, kwamba kila nikianza naona hakimfikii yeye. Nilisema mengi. Sauti yangu ikaanza kujionea huruma, nikaisikia, nikaona haya. Akaniacha mpaka nikaishiwa.

Halafu akasema, na hakupandisha sauti, "Ukuta sikuukasirikia. Ukuta niliufunika na kalenda. Wewe nikufunike na nini? Umeacha kuja. Nikawa nakaa hapa nahesabu, nilisema nini, nilimkosea nini mke wake, watoto wake. Nimehesabu mpaka vitu vya zamani ulipokuwa na miaka tisa. Kumbe ni picha ya kuku."

Nilitazama maganda ya viazi.

Kisha akasema viazi vitakuwa vyeusi, menya.

Jumapili, 13 Aprili

Nilimwambia nimeona mchoro wake. Aliona aibu sana, dada yangu, uso ukamgeuka. Akasema alichora ili anisaidie, siku ile nilipomwambia mwanzo ndio mgumu, miaka mitano iliyopita, aliona labda nikikuta picha imeshaanzwa nitaendelea. Sikuwahi kuinua kalenda nikaukuta. Akasema nifute. Nikasema sifuti.

Jumanne, 15 Aprili

Haraka amekuja. Sikumwita mimi, mke wangu amemwita. Ametazama ukuta wa nje, ufa umepita chini ya dirisha. Akafunga turubai, akapiga lipu chini yake huku mvua inamnyeshea mgongo, nusu siku, amemaliza. Lipu yenyewe ina mawimbi. Maji hayapiti tena.

Nilitaka kumwomba radhi kwa habari ya ngazi. Nilichoweza kusema ni kwamba kazi ni nzuri. Akaniangalia kama mtu anayetafuta mtego ulipo.

Jumatano, 16 Aprili

Haraka kasema ukuta ukauke siku kumi. Ni haki kabisa, gundi haishiki kwenye maji. Lakini naandika hapa nijikamate: niliposikia siku kumi nilifurahi. Moyo ulishuka kama mtu aliyefutiwa adhabu. Ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo.

Jumamosi, 19 Aprili

Nakwenda kila siku. Naosha, napika vibaya, namfunga vifungo vya gauni nikiwa nimetazama pembeni. Leo dada alikuta nimeshika chaki mbele ya ukuta. Nilikuwa nataka kumwongezea yule jogoo kidole cha nne kwenye mguu wa kulia. Kidole tu. Akaninyang'anya chaki kwa mkono wa kushoto, akaitia mfukoni.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua kubwa. Ndani pakavu.

Jumamosi, 26 Aprili

Ukuta umekauka. Nimeushika na kiganja, nikaushika na shavu. Hakuna kisingizio.

Usingizi haukuja vizuri. Ndoo zote kumi na tisa nimezipeleka kwake kwa mkokoteni, safari mbili.

Jumapili, 27 Aprili

Dada aliweka sharti. Atakaa kwenye kiti katikati ya ndoo, atanipa vipande, na ninachopewa ndicho ninachobandika. Sichagui. Pimamaji ikae nje. Visalaba vikae nje. Nikamwambia haitakuwa nzuri. Akasema, "Sikukuomba nzuri. Nilikuomba jogoo."

Gundi ikishakandwa ina nusu saa, baada ya hapo ni jiwe. Hilo nalijua tangu ujana wangu na ndiyo maana miaka saba sikuikanda. Nikaikanda. Nikapaka mguu wa kwanza, wa vidole vitatu.

Kipande cha kwanza alichonipa kilikuwa kijani. Kwa mguu. Nikageuka kumwambia mguu ni njano. Alikuwa amenyoosha mkono, anasubiri, plasta imelala mapajani kama mtoto mchanga. Nikabandika kijani. Akanipa kingine.

Nilikasirika mara nne leo. Mara moja nilisema kwa sauti kwamba ananiharibia kazi, akasema kazi ipi. Mara ya pili nilitaka kung'oa kipande cha shingo kilichokaa juu kuliko mwenzake, nikatia koleo, nikakuta kimeshashika. Nikaendelea. Gundi haikunipa nafasi ya kufikiri. Kufika alasiri mwili ulikuwa umekwisha na mabawa, kahawia na bluu na kipande kimoja cha maua ambacho sijui kiliingiaje kwenye ndoo zangu. Mkia tuliutengeneza kwa vile vipande vyeupe vya kigae kilichomwangusha. Nilivitoa kwenye mfuko mwenyewe. Akavitambua. Alinipa kimoja kimoja, hakuvitupia.

Kikabaki kilemba. Nikasimama.

Nyekundu sina. Nilimweleza habari ya nyekundu, ya hospitali iliyobomolewa, ya chungwa. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nimletee lile kopo lililo chini ya cherehani. Kopo la vifungo. Akaliinamisha juu ya meza akaanza kuchambua kwa kidole kimoja. Vifungo vyekundu, vya makoti, vya magauni, vya sare za watu ambao hawavai tena. Wekundu sita au saba, hakuna uliofanana na mwingine.

Nikamwambia kifungo hakikai kwenye gundi ya vigae, ni cha plastiki, kinateleza nyuma, kitatoka.

"Kikitoka utarudi ukibandike," akasema.

Nikabandika. Vifungo kumi na vinne.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimekwenda asubuhi kuziba mistari kwa saruji nyeupe. Nimerudishia vigae vya pembeni nilivyong'oa, nikaziba na kingo zote za pengo. Kwa mwanga wa mchana jogoo ni mbaya. Naandika kweli. Kichwa kikubwa, mguu wa kijani, shingo ina nundu. Jicho limekaa chini mno, anaonekana kama amesingiziwa kitu. Nilisimama na koleo mfukoni, nikasema moyoni jicho tu, dakika tano. Dada alikuwa nyuma yangu. Nikatoa mkono mfukoni, na ulikuwa mzito.

Mke wangu alikuja kuona. Akaangalia, akacheka mpaka akashika sinki, dada naye akacheka, akishika plasta yake. Nikauliza wanacheka nini. Mke wangu akasema, "Ana rangi nzuri."

Jumapili, 4 Mei

Nimetoa ile michoro thelathini na mmoja ukutani. Sikuichana. Nimeitumia kufungia viatu vya mvua.

Jumapili, 11 Mei

Wiki hii sikwenda kwa dada siku nne. Kazi nyingi, mvua, na jogoo amekwisha. Ndivyo nilivyojiambia.

Ijumaa, 16 Mei

Dada kapiga simu. Kifungo kimoja kimetoka. Nikaenda, nikakibandika, nikanywa chai. Jicho bado liko chini.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua imekata, siku ya tano sasa hakuna hata wingu. Jumatano walimtoa dada plasta. Mkono umekuwa mwembamba na vidole vizito, ila ameshafungua cherehani, anashona mistari iliyonyooka tu, polepole, anatukana chini kwa chini. Bado sijui kama utarudi ulivyokuwa. Daktari naye hajui. Hilo nitaishi nalo, sitaliandika mara nyingi.

Asubuhi kapiga tena. Kifungo kingine kimetoka, kile kikubwa cha koti.

Nimekwenda na mwiko na gundi kidogo kwenye kopo. Alikuwa ameniwekea kifungo juu ya sinki, kwenye kisahani. Nikakichukua nikakigeuza. Mimi ndiye niliyesema kitatoka, lakini nilipokipachika niliingiza gundi kwenye matundu yote manne, na gundi ile naijua kuliko ninavyojua mengi. Ikiachia, inaachia nyuma, inabaki laini. Hii ilikuwa imemeguka. Na ukingoni mwa kifungo kulikuwa na mkwaruzo mpya, mwembamba, wa ncha ya mkasi.

Nikageuka. Dada alikuwa ameinamia cherehani, mkono wa kulia juu ya gurudumu, anatazama kitambaa kwa bidii kubwa.

Nilikanda gundi. Nikapaka kidogo, kidogo kuliko inavyotakiwa, nikakirudisha kifungo mahali pake, kimekaa kombo kidogo. Vilivyobaki vya kunipigia simu ni kumi na viwili.